Deki ya Muscat imekataa diski ya Marekani

"Fundi, deki hii ina ubaguzi. Ya harusi inacheza, ya filamu haitaki."

Bimkubwa huyo alitumiwa deki ya DVD na mwanawe aliyeko Muscat, na diski ya filamu na mjukuu aliyeko Marekani. Nikaigeuza deki: nyuma pana alama ndogo ya dunia yenye 2 ndani yake. Kwenye jalada la diski, dunia ile ile, lakini ina 1. Ugonjwa ndio huo.

Kampuni za filamu ziliigawa dunia kanda kanda, ili kila soko lipate filamu kwa wakati wake na kwa bei yake. Marekani na Kanada ni 1. Ulaya, Japani na nchi za Ghuba ni 2. Sisi Afrika Mashariki tumewekwa 5, pamoja na India na Urusi. Deki inasoma namba iliyomo kwenye diski. Isipolingana na yake, inagoma. Ya harusi ilichomwa na mpiga video mwenyewe, haina kufuli.

Deki nyingi zina menyu iliyofichwa. Unaifungua kwa rimoti, mara nyingi trei ikiwa wazi na haina diski, kwa kubonyeza namba fulani. Namba hizo hutofautiana kwa kila modeli, kwa hiyo soma kwanza jina la modeli kwenye kibandiko cha nyuma, usibahatishe. Hii ilifunguka, nikaweka 0, yaani kanda zote.

Ikakataa tena! Kuna diski za Marekani zinazoichunguza deki: zikiona inakubali kila kanda, zinajifunga. Dawa yake ni kuweka 1 hasa. Nikaweka, filamu ikaanza, ila nyeusi na nyeupe.

Hapo kanda haihusiki tena. Diski za Marekani ni za mfumo wa picha uitwao NTSC, mistari 480 na picha kama 30 kwa sekunde. TV yangu ya chogo pale kibandani inajua mfumo mwingine tu, PAL, mistari 576 na picha 25. Nikaingia kwenye mipangilio ya deki, nikaiambia itoe PAL. Rangi zikarudi.

(Wenye kompyuta, taratibu: kisomeo cha DVD kinaruhusu kubadili kanda mara 5 tu, kisha kinabaki hapo hapo ulipokiacha.)

Nikamwandikia bimkubwa kwenye kikaratasi namba za menyu: 0 kwa siku zote, 1 kwa diski ya mjukuu. Akakibandika mgongoni mwa rimoti kwa selotepu.