Pesa zahesabika, "money" haihesabiki

Nafundisha watu wazima Kiingereza jioni, hapa Mombasa, si mbali na Mwembe Tayari. Wengi huja moja kwa moja kutoka kazini: mapokezi ya hoteli za Nyali, maghala ya Kilindini, vibanda vya Marikiti. Makosa yao nimeyasikiliza kwa miaka, na nimeamini jambo moja: karibu kila kosa ni Kiswahili safi kilichovishwa maneno ya Kizungu. Mtu hakosei kwa kutofikiri. Amefikiri sawasawa, ila kwa kanuni za lugha yake.

Chukua "his" na "her". Kiswahili hutazama kitu kinachomilikiwa: kitabu chake, nyumba yake, watoto wake. Mwenye kitu akiwa mwanamume au mwanamke, "-ake" ni ile ile. Kiingereza hutazama mwenye kitu. Mwanafunzi akiandika "Fatuma and his husband", amelifanya neno limfuate mume, kama "-ake" inavyofuata kitu. Kwa hiyo nawaambia wajiulize "ni wa nani?" kabla ya kutamka. Ni wa Fatuma, basi ni "her husband", "her son", "her brother", hata kama wote ni wanaume.

"He" na "she" hutatiza hata waliosoma sana, maana "yeye" haikutudai kamwe tujue jinsia ya mtu. Hilo huisha kwa mazoezi tu. Kuna lingine ambalo walimu wengi hulipita: "the book which I read it". Kwetu "kitabu nilichokisoma" ni fasaha, "-ki-" imekaa mahali pake. Kwa Kiingereza "which" imeshaishika nafasi ya kile kitabu, basi "it" haina pa kukaa.

Sasa tuje kwenye idadi na kiasi, ambako ndiko watu huteseka. "-ingi" yetu hubeba yote: watu wengi, maji mengi, sukari nyingi. Kiingereza huigawa: "many" kwa vinavyohesabika, "much" kwa visivyohesabika. Mtego ni kwamba kuhesabika si tabia ya kitu, ni tabia ya neno. Kila siku twauliza "pesa ngapi?", na noti twazihesabu kwa vidole, lakini "money" haihesabiki: "how much money", ingawa ni "how many shillings". Maji, maziwa na mafuta kwetu huchukua upatanisho wa wingi, maziwa haya yameharibika, ndiyo sababu nasikia "these milk are bad". Mchele na maharagwe hupimwa kwa kilo duka moja, lakini "rice" haihesabiki na "beans" zahesabika. Hapo sitafuti mantiki, nawaambia wakariri. Na walio hotelini wakariri mapema kwamba "luggage", "information", "advice", "furniture" na "equipment" hazipokei "s" mwishoni, hata mgeni akishuka na masanduku kumi.

Nina mizani ninayoipenda, kwa kuwa imetoka ndani ya Kiswahili chenyewe. Penye uchache sisi tayari twatenganisha: wageni wachache, sukari kidogo. Basi ukikwama kati ya "many" na "much", ligeuze swali lako. Ungesema "chache" au "kidogo"? Wageni wachache: "few", kwa hiyo "many". Sukari kidogo, pesa kidogo: "little", kwa hiyo "much". Mizani hii hukosea kwa habari na nywele, ambazo twaziita chache na Kiingereza hakizihesabu, lakini mara nyingi hukufikisha.

Inabaki herufi moja, nayo ndiyo inayoniuma zaidi. "A few" ni kadhaa, wapo. "Few" ni wachache mno, karibu hakuna. "A little" ni kidogo kinachofaa. "Little" ni kidogo kisichotosha. Kiswahili huiachia sauti na muktadha kazi hiyo, Kiingereza huibebesha "a". Mwanafunzi wangu mmoja wa mapokezi aliandika kwenye ripoti "few guests were happy with the food". Alikusudia wageni kadhaa walikifurahia chakula. Meneja alisoma kwamba karibu hakuna aliyefurahi, na mpishi akaitwa kujieleza. Mwingine aliulizwa kwenye usaili kama anajua Kiingereza, akajibu kwa adabu, "I know little English." Alitaka kusema "najua kidogo", kama yeyote kati yetu angesema kwa unyenyekevu. Waliomsikia walielewa kwamba hajui kitu, na kazi akaikosa. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi niliowafundisha.

Tangu hapo, somo la kwanza la kila darasa naanza na sentensi yake. Tunaisema wote kwa sauti, "I know a little English", tena na tena, mpaka ile "a" isikike hadi barabarani.