Kabla ya Kipeperushi, Orodha ya Mizigo

Mradi wa "safari ya sayari" walimu wengi wa sayansi tunaujua: mwanafunzi anakuwa wakala wa utalii, anachagua sayari, anatengeneza kipeperushi cha kuvutia wateja. Tatizo ni kwamba kipeperushi kinaweza kupendeza sana na mtoto asiwe ameelewa kitu. Ananakili kipenyo na idadi ya miezi, anapaka rangi, basi. Ndiyo maana mimi huanza na mizigo: kabla ya kugusa rangi, kila kundi linaandika vitu vya kubeba, na kila kitu kina sababu yake.

Kundi la Zuhura ndilo hukwama mapema. Huanza na mtungi wa oksijeni na nguo nyepesi, kisha wanakutana na joto la nyuzi 465 za Selsiasi na mgandamizo wa hewa unaozidi wa Dunia mara 90 hivi. Venera 13, chombo cha Umoja wa Kisovyeti kilichotua huko mwaka 1982, kilidumu dakika 127 tu, nacho kilitengenezwa makusudi kwa hali hiyo. Wakala anayeahidi likizo ya wiki nzima ana kesi ya kujibu.

Hapo ndipo ninapouliza: Utaridi iko karibu zaidi na Jua, mbona Zuhura inaizidi kwa joto? Naacha wabishane. Jibu liko hewani. Zuhura imefunikwa na hewa nzito ya ukaa inayozuia joto lisitoke. Utaridi karibu haina hewa kabisa, kwa hiyo mchana hufika nyuzi 430 na usiku hushuka hadi 180 chini ya sifuri. Ghafla orodha ya Utaridi inahitaji makoti mazito, na kundi lake halikutegemea.

Ratiba nayo ina vituko. Zuhura hujizungusha kinyume na Dunia, hivyo Jua huchomoza magharibi, na kutoka macheo hadi macheo ni siku 117 za kwetu. Neptuni ni suala la umri: chombo cha anga cha Voyager 2 kiliondoka Duniani mwaka 1977 kikaipita mwaka 1989. Msafiri wa miaka 13 angefika akiwa na 25.

Mirihi kila mtu anaitaka, kwa hiyo sayari tunagawana kwa kura. Mshtarii haina ardhi ya kutua; kundi lake huuza safari ya kuzunguka juu, wakitazama dhoruba yake nyekundu iliyo kubwa kuliko Dunia.

Mwishoni makundi hubadilishana vipeperushi, na wasomaji wanakuwa wateja wenye haki ya kudai nauli yao. Kundi la Zohali likiahidi matembezi juu ya pete, mteja atauliza atakanyaga wapi, maana pete hizo ni vipande vya barafu na mawe, kila kimoja kikiizunguka sayari kivyake. Alama nyingi natoa kwa majibu ya madai hayo. Michoro inapata chache.