Kizibo Kidogo, Lawama Kubwa: Dhana Potofu Kuhusu Spika za Masikioni Zinazozuia Kelele

Kwa wiki nzima niliamini kwamba spika za masikioni nilizonunua zilikuwa mbovu. Besi haikusikika, matoazi yalichoma masikio, na gitaa lilisikika kama linapigwa ndani ya kopo. Nilikuwa nimekwisha kuzifunga kwenye kisanduku chake ili nizirejeshe dukani, ndipo nikaona kipakiti chenye vizibo vingine vya mpira, vya ukubwa mbalimbali, ambacho sikuwa nimekifungua. Niliviondoa vizibo vya kati nikaweka vikubwa, nikaviingiza huku nikilivuta sikio juu na nyuma, na wimbo uleule ukaja na besi yake yote. Hitilafu ilikuwa ni upenyo mdogo kati ya mpira na ngozi yangu. Tangu siku hiyo, mtu akizilaumu spika za aina hii, zinazoingia ndani ya sikio na kuliziba, mbele yangu, swali langu la kwanza huwa ni kuhusu kizibo.

Dhana iliyonipotosha mwenyewe ni kwamba besi hutokana na ukubwa wa spika, kwa hiyo kitu kidogo kama punje ya haragwe hakiwezi kuitoa. Sebuleni dhana hiyo ina mantiki, kwa kuwa spika hulazimika kuitikisa hewa ya chumba kizima. Ndani ya sikio hali ni nyingine. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5, na hewa inayobaki kati ya kizibo na kiwambo cha sikio ni kidogo mno, kiasi kwamba utando wa spika ukitikisika kidogo tu, shinikizo la hewa hiyo hubadilika vya kutosha kutoa hata sauti nzito kabisa. Sharti ni moja: hewa isivuje. Ikiwepo njia ya kuvuja, mitetemo ya polepole, ambayo ndiyo besi, hupata muda wa kutorokea nje, ilhali mitetemo ya kasi haiathiriki sana. Ndiyo maana kizibo kisichokaa sawasawa hakipunguzi sauti yote kwa pamoja, bali huiondoa besi na kuacha sauti nyembamba zikipiga kelele peke yake. Jaribio ni rahisi: zibonyeze spika taratibu kwa vidole wimbo ukiendelea, na besi ikiongezeka ghafla, basi vizibo havikutoshi. Tena si lazima masikio mawili yalingane. Mimi sikio la kulia hutumia kizibo kikubwa na la kushoto cha kati, na sioni aibu kuvichanganya.

Wapo pia wanaochanganya kuzuia kelele na kufuta kelele. Spika zinazofuta kelele zina maikrofoni na saketi ya umeme, nazo huisikiliza kelele ya nje na kutengeneza wimbi lililo kinyume chake ili mawimbi hayo mawili yauane. Ninazozizungumzia mimi hazihitaji betri kwa kazi hiyo, kwani huziba sikio kama vizibo vya wafanyakazi wa viwandani. Wengi huamini kwamba teknolojia ya umeme ni bora kila mahali kwa sababu ni ngeni na ni ghali, lakini kila moja ina uwanja wake. Kufuta kelele hufanya kazi vizuri zaidi kwa ngurumo nzito isiyobadilika, kama ile ya injini ya ndege. Maongezi ya watu, mlio wa vyombo na kilio cha mtoto huzuiwa vyema na kizibo kilichokaa barabara. Kwa anayesumbuliwa na jirani anayezungumza kwa simu, ushauri wangu uko wazi.

Dhana ninayoiogopa zaidi ina sura mbili zinazopingana. Sura ya kwanza husema kwamba spika hizi huharibu usikivu kwa sababu tu ziko karibu na kiwambo cha sikio. Kinachodhuru ni ukubwa wa sauti inayofika kwenye kiwambo na muda inaodumu, hata chanzo chake kikiwa mbali. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaweka kikomo cha desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kwa kuwa kila ongezeko la desibeli 3 huongeza nishati ya sauti maradufu, muda salama hupungua kwa nusu kila mara. Kwenye desibeli 90 unabaki na takriban saa 4 tu kwa wiki. Spika zisizoziba humlazimisha msikilizaji kushindana na kelele za nje. Ndani ya basi nilikuwa nikipandisha sauti hadi karibu na mwisho. Sasa, kwa simu ileile, sifiki nusu.

Sura ya pili husema kwamba kwa kuwa kelele zimezuiwa, unaweza kusikiliza kwa sauti yoyote. Kizibo hakiweki kikomo chochote. Kinakupa nafasi ya kupunguza, na asiyeitumia nafasi hiyo hana kinga. Masikio yakivuma baada ya kusikiliza, sauti ilikuwa kubwa mno. Wengine huvaa spika moja tu ili wasikie magari, bila kujua kwamba ubongo hujumlisha sauti za masikio yote mawili, hivyo sikio likibaki moja kishawishi cha kuongeza sauti huwa kikubwa. Nikitembea kando ya barabara, mimi huzitoa zote mbili.

Asiye na uzoefu hutarajia kimya kamili, kisha hushangaa kusikia hatua zake mwenyewe zikidunda kichwani. Sauti za mwili husafiri kupitia mifupa, na sikio lililozibwa huzinasa ndani badala ya kuziachia zitoke, hivyo kutafuna karanga huku unasikiliza muziki ni kazi bure. Waya nao ukisugua shati hupeleka mkwaruzo hadi sikioni. Kuupitisha juu ya sikio hupunguza adha hiyo.

Kuhusu wingi wa spika ndogo ndani ya kila upande, ambao watangazaji huutaja kama vile ni idadi ya nguvu za farasi, inatosha kukumbuka ER-4, spika ya masikioni ya kampuni ya Etymotic Research. Ilitoka mwaka 1991 ikiwa na spika moja tu kila upande, na bado hutajwa na wasikilizaji makini.

Mwaka jana upande wangu wa kushoto ulififia hadi nikauhesabu kuwa umekufa. Nilipoutazama chini ya taa, wavu mdogo ulio mbele ya spika ulikuwa umezibwa na nta ya sikio. Niliuinamisha ukitazama chini, nikausugua kwa brashi kavu ya meno, nikaweka kizibo kipya, na sauti ikarudi.