Upungufu wa lishe na usafirishaji wa ioni katika seli: maana yake

Aliyewahi kupanda mtumbwi mkuukuu pale Bandari ya Kale, Mombasa, amemwona mtu mwenye upo, chombo cha kutolea maji: ameinama, anafua maji, anamwaga, anafua tena. Maji huingia yenyewe. Kuyatoa ndiko kunakotaka nguvu.

Seli nayo huvuja. Sodiamu hupenya ndani na potasiamu hutoka, kila moja ikifuata upande iliko haba. Kupita huku kwa chembe zenye chaji kwenye utando wa seli ndiko kunakoitwa usafirishaji wa ioni. Mfuaji wetu ni pampu ya sodiamu na potasiamu, iliyoelezwa na mwanasayansi Jens Skou wa Denmark mwaka 1957. Kila mzunguko hutoa ioni 3 za sodiamu, huingiza 2 za potasiamu, na hula molekuli 1 ya ATP, nishati ya seli.

Sasa mnyime mfuaji chakula. Seli zinazooteshwa maabara huishi ndani ya maji ya lishe, na mtafiti anaweza kupunguza kirutubishi kimoja tu. Ndani ya mwili wa mtu ni vigumu, maana figo na utumbo huwahi kusawazisha. Glukosi, yaani sukari, ikiondolewa na seli isipate kingine cha kuchoma, ATP hushuka, pampu huzorota, sodiamu hurundikana, maji huifuata na seli huvimba. Magnesiamu nayo ni lazima: pampu haiitumii ATP ambayo haijashikana na magnesiamu.

Potasiamu ndiyo inayonivutia zaidi. Ikipungua nje, pampu hukosa cha kuingiza na hupunguza kasi papo hapo. Lakini seli za aina kadhaa, zikikaa hivyo kwa saa nyingi au siku, huongeza idadi ya pampu kwenye utando. Anayepima mara moja tu, mapema, ataondoka na nusu ya habari.

Ili kujua ni ioni ngapi zilizopitishwa na pampu hasa, mtafiti huizima kwa dawa iitwayo ouabaini na kulinganisha na seli ambazo pampu yake haikuzimwa. Dawa hiyo imo kwenye msunguti, mti ambao Wagiriama waliuchemsha kwa saa nyingi hadi ukatoa uji mweusi kama lami, wa kupaka mishale. Mshale ulisimamisha moyo wa mnyama kwa kuzishika pampu hizi hizi. Seli za panya huhimili ouabaini nyingi kuliko za binadamu, kwa hiyo kiasi cha dawa kinachotosha sahani moja ya seli hakihamishiwi nyingine hivi hivi.