Mchezaji wa tenisi ya meza anakula wapi?

"Mwalimu, hivi mchezaji wa tenisi ya meza anakula wapi?" Kijana mmoja aliniuliza Jumamosi tukiwa mazoezini Ngamiani, huku anafuta raketi kwa fulana aliyoivaa. Nikamwambia, mwanangu, kwanza iache hiyo fulana. Jasho lina chumvi na mafuta, na raba, ile ngozi iliyobandikwa usoni mwa raketi, ikishayapata inateleza kama sakafu yenye sabuni. Maji safi kidogo, sponji laini, ikikauka ifunike na nailoni.

Swali lake lakini lina maana. Wengi hudhani pesa zinatoka kwenye zawadi za mashindano. Zawadi zipo, ila ukitolewa raundi ya kwanza huenda hata nauli isirudi. Kinacholisha wengi ni mshahara wa klabu. Mtazame Quadri Aruna wa Nigeria: 2014 alifika robo fainali ya Kombe la Dunia, 2016 kule Rio akafika robo fainali ya Olimpiki na kutolewa na Ma Long wa China, na 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia kumi bora duniani. Sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa na klabu, Ureno kisha Ujerumani.

Na klabu inamlipa mtu kwa kusoma mkono wa mwenzake. Mpira una gramu 2.7 tu na kipenyo cha milimita 40, kwa hiyo mzunguko ndio unaoupeleka. Wakati wa kuanzisha, kanuni inataka mpira ukae kwenye kiganja kilichofunguka, urushwe juu angalau sentimita 16, na mpinzani auone muda wote. Hata hivyo fundi atapitisha raketi chini ya mpira, kisha aunyanyue mkono kana kwamba kaupiga kwa juu. Ukidanganyika, mpira unaourudisha unaishia wavuni. Ndiyo maana raketi ina upande mweusi na mwingine wa rangi tofauti: raba mbili zinaweza kuwa na tabia mbili, nawe una haki ya kujua umepigwa na ipi.

Hapo sasa sisi wa pwani tuna mtihani wetu. Masika ikiingia Tanga, unyevu unatanda juu ya raba hata kabla hujatoka jasho. Ujana wangu nilizoea kuupandisha mpira kwa nguvu za ziada ili uzunguke. Nikaenda Arusha kucheza, hewa kavu, raba inang'ata. Mipira yangu mitano ya kwanza yote ilivuka meza! Seti ya kwanza ikaisha sijaelewa kosa liko wapi, nikabaki kumlaumu aliyepanga meza.

Yule kijana Jumamosi hii kaja na sponji, kaikata kutoka godoro kuukuu. Raketi inang'aa. Tatizo sasa anaanzisha na mpira kaufumbata ngumini, na kila nikimwambia fungua kiganja, anafungua vidole viwili.