Vitz ya CC 1290 unataka iwe 1490? Hesabu kwanza

Karibu kila wiki kuna mtu anapaki hapa gereji anauliza, fundi, hii Vitz siwezi kuiongezea CC? Na wana sababu ya kuuliza, huku kwetu Mbeya gari ndogo ikibeba watu wanne na mizigo nyuma ikifika Mlima Nyoka inaanza kulia, unashuka gia mpaka ya kwanza na bado haivuti. Mi huwa sisemi ndiyo wala hapana, namuuliza kwanza hizo CC anataka tuzitoe wapi, maana zinatoka sehemu mbili tu, upana wa silinda au mwendo wa pistoni.

Chukua injini ya 2NZ iliyo kwenye Vitz nyingi za CC 1290. Silinda ina kipenyo cha milimita 75, pistoni inatembea milimita 73.5 kutoka juu mpaka chini, ukitafuta ujazo wa silinda moja ukazidisha kwa nne unapata CC 1298. Sasa njoo kwenye 1NZ ya Probox na IST za CC 1490: kipenyo ni kilekile 75, ila mwendo wa pistoni umerefushwa mpaka 84.7 na ujazo umepanda hadi 1497. Yaani Toyota wenyewe walipotaka injini kubwa ya ukoo huohuo hawakugusa upana, na hilo mtu akilielewa nusu ya maswali yanaisha.

Maana wengi wanaokuja wameshaambiwa na mtu wakapige ribo, yaani silinda ichongwe ndani ipanuke. Sawa, tuhesabu. Ukiongeza nusu milimita kwenye kipenyo, 1298 inakuwa 1316. Ukiongeza milimita nzima unapata kama 1334, ambayo haijafika hata asilimia 3, na mlimani huwezi kuihisi kabisa. Ribo ni dawa ya silinda iliyolika, pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za kawaida) zimetengenezwa kwa kazi hiyo, sio njia ya kutafuta nguvu.

Tena kwenye hizi NZ unalipa bei kubwa kwa kidogo unachopata. Bloku ni ya aluminiamu, ndani kuna laina nyembamba za chuma, mirija ambayo pistoni inatembea humo, na ukuta kati ya silinda na silinda ni kama milimita 8 tu, ambayo humo ndani kuna laina mbili na aluminiamu katikati. Mwaka juzi nililetewa moja imepigwa ribo milimita nzima sehemu nyingine, inachemsha kila ikipanda mlima. Nilipofungua hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda chenye valvu) nikaona gasketi imeungua kati ya silinda ya 2 na ya 3, mstari mweusi mwembamba kama ufa wa kioo, na bloku pale juu imeliwa, ukipitisha ukucha unakwama. Nikaweka rula ya chuma juu yake nikamulika tochi kwa nyuma, mwanga ukapita. Yule kaka alikuwa ameshalipia pistoni, ringi, kuchonga na gasketi mbili, na bloku ikaishia chuma chakavu. Iliniuma kwa kweli, maana ile injini kabla ya kuguswa ilikuwa nzima.

Basi wengine wanasema si tununue krenki ya 1NZ tu, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, tuitumbukize kwenye 2NZ? Hapa napo tuliza kichwa. Mwendo ukiongezeka milimita 11.2, nusu yake inaenda chini na nusu inaenda juu, kwa hiyo pistoni itataka kupanda milimita 5.6 zaidi ya pale ilipokuwa inaishia, na huko juu kuna hedi na valvu. Inabidi ubadilishe konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) au pistoni yenye pini iliyokaa tofauti. Na hata ukifanikiwa, hewa nyingi zaidi inabanwa kwenye chumba kilekile, kompresheni ya 10.5, yaani hewa inabanwa mara 10.5, inasogea karibu na 12, na kwa petroli tunayoweka kila siku utaanza kusikia injini inagonga ukikanyaga mlimani. Kontroo boksi (kompyuta ya injini) itarudisha nyuma taimingi, yaani muda wa plagi kuwasha cheche, ili kuilinda, na ile nguvu uliyoitafuta inaondoka hukohuko. Kuna na spidi ya pistoni pia: kwenye mzunguko wa 6000 pistoni ya 2NZ inakimbia wastani wa mita 14.7 kwa sekunde, ya 1NZ karibu mita 17, kwa hiyo beringi na konrodi zinapigwa zaidi. Kiwandani walilipanga hilo, sisi tukichanganya vipande tunabahatisha.

Ndo maana mtu akishaamua kweli, mi namshauri injini kamili ya 1NZ pamoja na gia boksi yake, waya na kontroo boksi, sio vipande. Kwenye Vitz ya zamani inakaa vizuri maana Vitz RS ilitoka kiwandani na injini hiyohiyo. Ila kama yako ni CC 990 yenye 1SZ usidanganywe, huo ni ukoo mwingine na kazi inakuwa kubwa zaidi, na zile za umbo jipya zenye silinda tatu, 1KR, ndo usiguse kabisa. Radieta iangaliwe, breki ziangaliwe, mafuta yataongezeka ukiwa na mguu mzito, na namba ya injini na CC zimeandikwa kwenye kadi ya gari kwa hiyo nenda TRA ukabadilishe, usisubiri kuja kuhangaika siku ya kuuza.

Na kitu kingine ambacho watu wa Dar hawakioni. Mbeya tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya huku ni nyepesi kwa kama asilimia 15. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani) inavuta hewa ileile iliyopo, kwa hiyo CC 1490 ya Mbeya inapumua karibu sawa na CC 1290 ya Dar. Mtu akinunua gari ameijaribu Dar akaipenda, akiileta huku lazima aone imechoka, na imechoka kweli hata kama ni nzima.

Sasa jumlisha hiyo na injini iliyolika. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja anayetoa viazi Uyole, amejiandaa na hela ya 1NZ kabisa. Nikamwambia mama, nipe nusu saa kwanza. Nikachomoa plagi nikapima kompresheni moja moja: silinda tatu zilisoma karibu psi 170, ila ile namba 3 ikasoma 110. Nikatia oili kidogo kwenye hiyo silinda nikapima tena, geji haikusogea, kwa hiyo sio ringi, ni valvu. Tukashusha hedi, valvu mbili za ekzosi zilikuwa zimeungua ukingoni, tukaweka mpya, tukasaga siti, tukasafisha throto (mlango wa hewa) na kubadilisha plagi. Hela aliyotumia haikufika robo ya ile aliyokuja nayo. Jumamosi akapita na magunia yake matatu nyuma, akanipigia honi, hata hakusimama.