Chetambe Mezani: Dhana Potofu Ninazozisikia Kila Mara

Kila ninapotandaza hapa Kisumu meza ya vita vya Lumboka na Chetambe, ngome mbili za Wabukusu wa magharibi mwa Kenya zilizotekwa na jeshi la utawala wa Kiingereza mwaka 1895, iwe kwa walimu wa historia au kwa vijana wanaojifunza mchezo wa vita kwa vinyago, hakosi mtu wa kuinama, kukitazama kinyago cha Maxim, ile bunduki ya rashasha, kisha kutangaza kwamba hakuna haja ya kurusha dadu kwa kuwa mshindi anajulikana. Neno hilo nimelisikia hadi limenichosha, na ndilo nitakalolijibu kwa kirefu, kwa sababu linaharibu mchezo na historia kwa pamoja.

Dhana ya kwanza, basi, ni kwamba Maxim ilimaliza kila kitu.

Maxim ilikuwa silaha ya kutisha, lakini ilikuwa na masharti yake. Iliweza kufyatua risasi 600 hivi kwa dakika, ilhali mkanda mmoja ulikuwa na risasi 250, kwa hiyo mpigaji asiyejizuia aliumaliza kabla ya nusu dakika kwisha. Mtutu wake ulipozwa kwa maji ya kiasi cha lita nne, ambayo yalichemka na kupungua kadiri ilivyopigwa. Bunduki yenyewe, miguu yake, mikanda na maji, vyote vilisafiri vichwani na mabegani mwa wapagazi. Ile aliyokuwa nayo Lugard, afisa wa Kiingereza, kule Mengo, makao ya mfalme wa Buganda, mwaka 1892 ilikuwa kuukuu, iliyokwisha kuvuka bara pamoja na msafara wa mvumbuzi Stanley, na haikuwa ya kutegemewa. Mchezaji anayeiweka Maxim mezani bila kanuni ya kukwama, bila hesabu ya mikanda na bila wapagazi wanaoweza kutimua mbio, anacheza hadithi ambayo wakoloni walipenda kujisimulia.

Tena, Wabukusu hawakusimama uwandani wakisubiri kufyekwa. Walipigania ngome zenye ukuta mnene wa udongo uliozungukwa na handaki, ujenzi uliozoeleka katika nchi hii kabla utawala wa Kiingereza haujaifikia. Msafiri Joseph Thomson alivikuta vijiji vya namna hiyo alipopita mwaka 1883. Ngome kama hiyo hutekwa na watu wanaoshuka handakini na kupanda ng'ambo ya pili huku wakipigwa kutoka juu. Meza haichimbiki, kwa hiyo mimi huinua ardhi yote kwa tabaka za lile povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni, hadi kimo cha sentimita nne, kisha hulikata handaki ndani yake kwa kisu chembamba. Kinyago kinachoshuka humo hukaa zamu nzima kabla ya kuruhusiwa kupanda, na katika zamu hiyo Maxim iliyo nyuma yao hulazimika kunyamaza, la sivyo itawapiga watu wake yenyewe. Hapo ndipo yule aliyesema mshindi anajulikana huanza kuuliza kanuni kwa sauti ya chini.

Kuna kosa jingine ndani ya dhana hiyohiyo, nalo ni kuchanganya ushindi wa vita na ushindi wa mchezo. Wabukusu walishindwa mwezi wa Agosti mwaka 1895, na hakuna dadu itakayoligeuza jambo hilo. Mchezo unauliza walishindwa kwa gharama gani kwa mshambuliaji, na ni watu na ng'ombe wangapi waliotoka salama kabla ngome haijaanguka. Ushauri wangu, ambao sitachoka kuutoa, ni huu: andika masharti ya ushindi kabla hujapanga hata mgomba mmoja mezani. Mshambuliaji nampa zamu nane. Mbukusu hupata alama kwa kila mama, mtoto na ng'ombe anayefika ukingo wa meza. Nimewaona wachezaji wa upande wa Wabukusu wakipoteza ngome nzima na bado wakashinda, na ushindi huo walistahili.

Dhana ya pili: kwamba waliopigana walikuwa Waingereza wenye makoti mekundu, au askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. KAR iliundwa mwaka 1902. Mwaka 1895 sehemu hii ilihesabiwa kuwa Uganda, na wenye bunduki walikuwa hasa askari wa Kisudani wenye asili ya jeshi la Emin Pasha, gavana wa Misri katika Sudani ya kusini, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891. Kizazi cha askari wa Kisudani wa aina hiyo ndio Wanubi, majirani zetu wa Kibos. Waliojazia idadi walikuwa Waganda, Wawanga na Wamasai. Wazungu walikuwa wachache mno, akiwemo Hobley, aliyeendesha utawala kutoka kwa Mumia, mfalme wa Wawanga, naye alikuwa mwanajiolojia kwa taaluma. Tafadhali, vinyago vya Waingereza wa vita dhidi ya Wazulu vya mwaka 1879 vibaki sandukuni.

Dhana ya tatu: kwamba Wabukusu walikuwa na mikuki tu. Chanzo chenyewe cha vita kilikuwa bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu. Kikosi cha askari kilichotumwa kuzidai kiliuawa, na msafara wa adhabu ukafuata. Wape baadhi ya walinzi wa ukuta bunduki, na risasi chache za kuhesabika.

Wapo pia wanaosema kwamba mchezo huu unawadharau marehemu. Nawaelewa, kwani vita hivi havijasahaulika. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, dini ya Kibukusu iliyopinga ukoloni, aliwakusanya wafuasi wake mwaka 1947 kuwakumbuka waliouawa. Dharau ninayoikataa ni ile ya kuwafanya Wabukusu shabaha zisizo na akili, na ndiyo maana simruhusu mtu kucheza upande wao bila kwanza kujifunza ngome yao ilivyojengwa.

La mwisho ni la vipimo. Mtu huniletea kinyago cha milimita 28 na kudai bunduki ipige kwa kipimo kilekile cha kinyago. Masafa ya risasi ya mita 400 yakipunguzwa hivyo huwa mita saba, na meza yangu haifiki mita mbili. Kipimo cha ardhi hutengwa na kipimo cha kinyago, na kinyago kimoja husimama badala ya watu kumi. Asiyekubali hilo atafute uwanja wa mpira.